KAMERA YA DOLA MOJA NA AMANA YA JICHO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, ndugu wasomaji, ni nadra leo kuikuta nyumba isiyo na picha. Ikiwa haikutundikwa ukutani, basi imo sandukuni, au baina ya kurasa za kitabu, au ndani ya simu. Hii ni picha ya babu siku aliyosafiri kwenda Hija. Hii ni ya ndugu aliyehamia nchi ya mbali. Na hii ni ya mtoto aliyefariki angali mchanga, ambaye mama yake hana kumbukumbu nyingine ya uso wake ila karatasi hiyo moja. Tumekwisha kuyazoea mambo haya hata hatuulizi yametoka wapi. Lakini miaka mia na hamsini tu iliyopita, mtu wa kawaida aliweza kuzaliwa, na kuoa, na kuzeeka, na kuzikwa, pasipo sura yake kubaki popote duniani ila katika nyoyo za waliomjua. Picha ilikuwa ni kitu cha wafalme na matajiri.

Je, ilikuwaje hata jambo hili likaingia katika nyumba za maskini na mikononi mwa watoto? Na sisi Waislamu, tulipoipokea zana hii, je, tuliipokea pamoja na adabu zake? Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza hapa, inshallah.

Chumba cha giza

Msingi wa kamera ni mdogo mno. Ukikaa katika chumba chenye giza totoro, na katika ukuta mmoja pakawa na tundu dogo, basi nuru ya vitu vilivyo nje itapita tunduni na kuchora sura ya vitu hivyo juu ya ukuta wa pili, hali imepinduka, juu chini na kulia kushoto. Watu wa kale waliliona jambo hili katika Uchina na Uyunani. Lakini aliyelichungua kwa majaribio yaliyopangwa, akaeleza kwa nini huwa hivyo, ni mwanachuoni wa Kiislamu, Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040.

Mtu huyu alitunga kitabu kikubwa juu ya nuru na macho, kiitwacho Kitab al-Manazir. Humo alieleza jaribio la taa kadhaa zilizowekwa mahali mbalimbali mbele ya tundu la chumba cha giza. Kila taa hutia doa lake la nuru ukutani. Na taa moja ikifunikwa, doa lake pekee ndilo litowekalo, na mengine hubaki kama yalivyo. Kwa hayo alithibitisha kwamba nuru hwenda kwa mstari ulionyoka, na kwamba nuru nyingi zaweza kupita katika tundu moja bila ya kuchanganyika. Vilevile aliwapinga wale waliosema kwamba jicho hutoa mishale ya nuru kwenda kuvigusa vitu. Akasema kwamba nuru hutoka katika vitu na kuingia jichoni. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, nao wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa muda mrefu.

Hapa yafaa tuwe waaminifu. Wako wanaosema kwamba neno “kamera” limetokana na neno la Kiarabu “qamara”. Hilo si kweli. Neno hilo ni la Kilatini, na maana yake ni chumba. Heshima ya Ibn al-Haytham haihitaji kutegemezwa kwa hadithi isiyo na asili. Kazi yake yenyewe yatosha kuwa shahidi.

Taabu za wapiga picha wa kwanza

Kuiona sura ukutani ni jambo moja, na kuifanya ibaki pale ni jambo jingine. Mfaransa Nicéphore Niépce ndiye aliyefaulu kuihifadhi picha ya mandhari katika miaka ya 1826 na 1827. Mwenzake, Louis Daguerre, alitengeneza njia iliyo bora zaidi, ya kutumia bamba la shaba lililopakwa fedha, na serikali ya Ufaransa ikaitangaza kwa watu wote mwaka 1839. Katika siku hizo hizo, William Henry Fox Talbot wa Uingereza aliivumbua njia ya kutoa nakala nyingi kutokana na picha moja ya asili.

Lakini kazi hiyo ilikuwa ngumu. Tangu mwaka 1851 wapiga picha walitumia vioo vilivyopakwa dawa, na ilikuwa sharti kioo kipakwe, kitiwe kamerani, kipigwe picha na kisafishwe kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mpiga picha aliyetoka mjini alijitwika kamera kubwa, na miguu mitatu ya kuisimamishia, na vioo, na chupa za dawa, na maji, na hema la kufanyia giza. Naye aliyepigwa picha alilazimika kutulia kama gogo. Basi haishangazi kwamba nyuso za watu wa zama hizo katika picha zaonekana kama za watu walio katika matanga.

Karani wa benki

Sasa twende katika mji wa Rochester, katika jimbo la New York, Marekani. Hapo aliishi kijana aitwaye George Eastman, aliyezaliwa mwaka 1854. Baba yake alikufa mwaka 1862, na mama yake akawa anapangisha vyumba ili watoto wapate kula. Kijana aliacha shule angali mdogo, akaajiriwa kuwa tarishi katika ofisi ya bima kwa mshahara wa dola 3 kwa juma. Na baadaye, mwaka 1874, akawa karani wa benki kwa dola 15 kwa juma.

Katika miaka hiyo ya 1870 alikusudia kusafiri kwenda kisiwa cha mbali, na rafiki mmoja akamshauri achukue kamera. Akainunua pamoja na vyombo vyake vyote, akalipa dola 5 ili afunzwe kuitumia. Safari yenyewe hakuifanya. Lakini ule mzigo ulimtia fikra. Alijiuliza, kwa nini mtu anayetaka picha moja achukue mzigo wa kumtosha punda? Ikawa mchana anafanya kazi ya benki, na usiku anachanganya dawa katika jiko la mama yake, mpaka mara nyingine usingizi ukamchukua hapo hapo sakafuni kando ya jiko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwanzo alitengeneza vioo vya dawa kavu, ambavyo mtu aliweza kuvinunua tayari na kuvitumia siku yoyote. Kisha akakiacha kioo na kutafuta kitu chepesi kinachokunjika, akapata karatasi iliyopakwa dawa na kuviringwa kama mkeka. Mwaka 1888 akatoa kisanduku chake cha kwanza, akakipa jina la Kodak, neno alilolibuni mwenyewe na lisilo na maana katika lugha yoyote.

Kisanduku hicho kiliuzwa kwa dola 25, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya kutosha picha 100. Matumizi yake yalikuwa mambo matatu tu: kuvuta kamba, kubonyeza kitufe, na kuzungusha ufunguo. Picha 100 zilipokwisha, mwenyewe alikipeleka kisanduku kizima kiwandani kwa posta pamoja na dola 10. Huko wakazisafisha picha, wakatia karatasi mpya, wakamrudishia. Tangazo lao lilimwambia mnunuzi kwamba yeye abonyeze kitufe tu, na wao watafanya yaliyobaki. Kabla ya hapo mpiga picha alilazimika kuwa mjuzi wa dawa. Tangu hapo haikumlazimu kujua neno.

Kamera ya watoto

Hata hivyo, dola 25 hazikuwa kidogo. Karani aliyepata dola 15 kwa juma angalilazimika kufanya kazi zaidi ya juma zima na nusu, bila ya kula wala kulipa kodi, ndipo ainunue. Ndipo Eastman akamwagiza mtengenezaji wake, Frank Brownell, atengeneze kamera iliyo rahisi kuliko zote, nayo ikatokea mwezi wa Februari mwaka 1900 kwa jina la Brownie. Jina hilo ni la vijitu vya hadithi vilivyochorwa na Palmer Cox, ambavyo watoto wa Marekani walivipenda mno. Bei yake ilikuwa dola 1, na filamu ya picha 6 ilikuwa senti 15.

Ilikuwaje ikawa rahisi hivyo? Kwanza, kisanduku kilikuwa cha karatasi ngumu, kilichofunikwa kwa ngozi ya bandia. Pili, lenzi ilikuwa ni kipande kimoja tu cha kioo. Tatu, hapakuwa na cha kurekebisha: hapakuwa na kupima nuru wala masafa. Juu ya kisanduku mlichorwa mistari miwili iliyokutana kama pembe, ili mtu ajue anaelekeza wapi. Mpigaji alikishika kisanduku kifuani, akalipa jua mgongo, akafyatua. Tena mwenye kiwanda alijua siri ya biashara: kamera hununuliwa mara moja, lakini filamu hununuliwa kila siku. Kwa hiyo faida yake aliiweka katika filamu, na kisanduku akakifanya kuwa mlango wa kuingilia.

Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa kamera zaidi ya 150,000. Watoto waliundiwa chama chao na mashindano yao. Na wazazi, waliokuwa wakisema kwamba ni kitu cha kuchezea watoto, wakaanza kuziazima kamera za watoto wao. Mwaka 1901 ilifuata kamera ya pili, kubwa kidogo, na filamu iliyotengenezwa kwa ajili yake, iitwayo nambari 120, mpaka leo ingali ikitengenezwa na kuuzwa.

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi mambo yalivyobadilika. Mwezi wa Aprili mwaka 1912 meli ya Titanic ilizama, na meli ya Carpathia ikaenda kuwaokoa waliokuwa katika mashua. Katika abiria wa Carpathia alikuwamo binti wa miaka 17 kutoka Kanada, Bernice Palmer, naye alikuwa na kamera yake ya Brownie. Aliwapiga picha watu waliookoka, na akaipiga picha siwa ya barafu iliyodhaniwa kuwa ndiyo iliyoizamisha meli. Walipofika New York, mtu wa magazeti akampa dola 10 kwa picha hizo, naye binti hakujua thamani ya alichokishika. Tazama basi: tukio lililoushtua ulimwengu lilishuhudiwa na kisanduku cha mtoto.

Haki za watu nyuma ya picha

Ndugu msomaji, historia ya vitu haikamiliki bila ya kutaja haki. Mwaka 1889 kampuni ya Eastman ilianza kuuza filamu nyangavu ya selulosi badala ya karatasi. Lakini padri mmoja wa mji wa Newark, Hannibal Goodwin, alikuwa amekwisha kuomba hati ya uvumbuzi wa filamu ya namna hiyo tangu mwaka 1887. Shauri lake liliburutwa miaka 11, hata akapewa hati mwaka 1898. Na mwaka 1900 akafa kabla ya kuifaidi. Waliorithi haki hiyo waliendelea na kesi, na mwaka 1914 mahakama ikaamua kwamba haki ilikuwa yao, na kampuni ya Eastman ikalipa dola milioni 5. Haki yaweza kuchelewa hata mwenyewe akawa kaburini, lakini haifi.

Na sisi Waislamu tunayo hadithi inayofanana na hiyo. Picha za kwanza za mji wa Madina zilipigwa mwaka 1861 na afisa wa jeshi la Misri, Muhammad Sadiq Bey. Naye ndiye aliyeupiga picha Msikiti Mtakatifu wa Makka mwaka 1880, alipokuwa katika msafara wa Hija wa Misri. Katika miaka hiyo ya 1880, mganga mmoja wa Makka, Sayyid Abd al-Ghaffar, alijifunza sanaa hiyo akawa mpiga picha wa kwanza katika wenyeji wa Makka. Lakini picha zake nyingi zilitolewa Ulaya mwaka 1889 na mtaalamu wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, bila ya jina la aliyezipiga. Na saini yake ikafutwa. Ilipita miaka mingi ndipo wachunguzi wakamrudishia kazi yake.

Macho hayana pazia

Mara tu visanduku vilipoenea, yalizuka malalamiko. Zamani mtu alijua kuwa anapigwa picha, kwani alikaa kitini na kutulia. Sasa alipigwa njiani, au sokoni, au pwani akiogelea, wala hana habari. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala mashuhuri kutetea haki ya mtu ya kuachwa kwa faragha yake, na katika mambo waliyoyalalamikia ilikuwamo picha ya ghafla na magazeti yanayoyaingilia maisha ya nyumbani.

Wao waliliona hilo mwaka 1890. Lakini Qurani Tukufu ilikwisha kutufundisha, karne nyingi kabla ya hapo, tusiingie nyumba za watu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu, tuinamishe macho, tusipeleleze, wala tusisengenyane. Msomaji na afikiri: ikiwa jicho tu, lionalo na kusahau, limewekewa mipaka hiyo, je, itakuwaje jicho la kamera, lionalo na lisisahau kamwe? Wazee wetu walisema, macho hayana pazia. Kwa hiyo pazia ni juu ya mwenye macho kujitilia.

Ama hukumu ya picha yenyewe, wanavyuoni wamehitalifiana. Hapana hitilafu kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaonya vikali wenye kutengeneza sura, na akatueleza kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye sura. Wapo wanavyuoni waliosema kwamba onyo hilo laichukua picha ya kamera pia, kwa kuwa nayo ni sura. Wakairuhusu kwa dharura tu, kama vile hati ya safari na kitambulisho. Wapo wengine, na mashuhuri wao ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri baina ya mwaka 1914 na 1920, ambaye aliandika risala nzima kueleza kwamba mwenye kamera haumbi wala haigi kuumba, bali huzuia kivuli alichokiumba Mwenyezi Mungu, mfano wa kioo ambacho sura iliyomo imeshikwa isiondoke. Kila upande una dalili zake, na si kazi ya makala haya kuamua; mwenye shaka na amwulize sheikh wake. Lakini pande zote mbili zaafikiana katika haya: picha ya kutukuzwa kama sanamu ni haramu, picha ya uchi ni haramu, na picha ya kumdhalilisha mtu ni haramu.

Kutoka kisanduku hata simu

Katika pwani yetu, watu wengi waliijua picha kwanza kwa kwenda dukani kwa mpiga picha. Unguja palikuwa na duka la A. C. Gomes tangu karne ya kumi na tisa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio. Mtu alivaa kanzu yake njema, akaenda, akatulia, akarudi siku nyingine kuchukua karatasi yake. Jambo lilikuwa na heshima kwa sababu lilikuwa na gharama na lilikuwa na idhini.

Leo kisanduku kimekwisha kuyeyuka ndani ya simu. Ajabu ni kwamba kamera ya kwanza isiyotumia filamu, ya kushikwa mkononi, ilitengenezwa na mhandisi wa kampuni ile ile ya Eastman, Steven Sasson, mwaka 1975. Lakini kampuni ilizidi kutegemea filamu, hata mwaka 2012 ikaomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake. Na lile sharti la mwisho lililokuwa likituzuia, yaani senti za filamu, limeondoka. Aliyekuwa na picha 6 tu alifikiri kabla ya kufyatua. Asiye na hesabu hafikiri.

Hapo ndipo ilipo hatari yetu. Binti anapigwa picha na shoga yake ndani, hali hana mtandio, kwa mchezo wa kike. Kesho picha iko katika simu za watu mia. Mgonjwa anapigwa picha kitandani hali hajifai, na maiti kabla ya kukoshwa. Mume na mke wanagombana, na picha za siku za mapenzi zinageuzwa kuwa silaha. Aliyefanya hayo husema, “Nilibonyeza tu.” Naam, alibonyeza tu, lakini yaliyobaki yalifanywa na ulimi wa watu, na yeye ndiye aliyefungua mlango.

Basi, enyi vijana na wazazi, tushike haya machache. Kwanza, usimpige mtu picha ila kwa idhini yake, na idhini ya kupiga si idhini ya kueneza. Pili, nyumba ya mwenzio ni sitara yake. Ukiingia kwa idhini, usitoke na aibu zake. Tatu, mgonjwa na maiti hawana ulimi wa kukukataza, kwa hiyo heshima yao iko juu yako. Nne, ukiletewa picha ya kumfedhehesha mtu, ifute, wala usiwe daraja ya kuivushia. Tano, mzazi asimpe mtoto kamera kabla ya kumpa adabu ya kamera, kama asivyompa kisu kabla ya kumwonyesha makali yake.

Hatusemi kwamba zana hii ni mbaya. Imewakutanisha jamaa waliotengwa na bahari, imehifadhi sura za masheikh wetu na misikiti yetu iliyobomoka, na imemrudishia mama uso wa mwanawe. Eastman aliirahisisha bei yake hata ikafika dola moja. Lakini amana ya jicho haikurahisishwa na mtu yeyote. Bei yake ni ile ile tangu siku ya kwanza, na hesabu yake itasomwa siku ambayo macho na masikio na ngozi zitatoa ushahidi juu ya wenyewe.

Mwenyezi Mungu atusitiri aibu zetu, na atujaalie kuwa wenye kuwasitiri wenzetu. Amin.